Umeona Jema Gani Leo? Kijitabu cha Familia Kuhusu Shukrani za Kila Siku

Kijitabu hiki kisomwe kwa sauti jioni, chakula kikiwa bado jikoni au vyombo vikiwa vimeshaondolewa. Hakimgharimu mtu fedha. Daftari moja la shule na kalamu vinatosha, na asiyejua kuandika aseme, wenzake wamsikilize.

Umeme ukikatika nyumba nzima inalalamika. Ukiwaka wiki nzima hakuna anayesema neno. Huo si utovu wa fadhila. Akili ya binadamu hukamata baya upesi, na jema likishazoeleka halionekani tena. Kushukuru kwa makusudi ni kulitafuta lile lililozoeleka na kulitaja.

Je, kuna faida kwa afya?

Ipo, na imepimwa. Mwaka 2003, Robert Emmons na Michael McCullough, wanasaikolojia wa Marekani, walichapisha utafiti ambao bado unatajwa sana. Wanafunzi wa chuo kikuu waliwekwa katika makundi. Mara moja kwa wiki, kwa wiki 10, kundi moja liliandika mambo yasiyozidi matano ambayo waliyashukuru; jingine liliandika kero; la tatu liliandika matukio yoyote ya wiki. Walioandika shukrani waliridhika zaidi na maisha yao, walilalamikia maumivu machache zaidi, na walifanya mazoezi ya mwili kwa muda mrefu kuliko walioandika kero. Katika sehemu nyingine ya utafiti huo, watu wazima wenye magonjwa ya neva na misuli waliandika kila siku kwa siku 21, nao wakaeleza kwamba usingizi wao umekuwa mzuri zaidi.

Habari ya usingizi haishangazi. Anayepanda kitandani akihesabu ada, kodi ya nyumba na deni la dukani hugeukageuka hadi usiku wa manane. Akimalizia siku kwa jambo jema aliloliona, deni linabaki palepale, ila mawazo hutulia kidogo.

Tusitie chumvi, hata hivyo. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kuwa mazoezi ya namna hii hupunguza dalili za sonona na wasiwasi kwa kiasi kidogo tu. Anayetumia dawa za hospitali asiziache kwa sababu ameanza kuandika daftari.

Namna ya kufanya

Zoezi lililojaribiwa na Martin Seligman na wenzake, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2005, halina ugumu. Kila usiku, kwa wiki moja, andika mambo matatu yaliyokwenda vizuri, na kwa kila moja andika kwa nini lilitokea. Waliolifanya walieleza kuwa na furaha zaidi na huzuni pungufu hata miezi sita baadaye, hasa wale walioendelea nalo kwa hiari yao.

Hiyo “kwa nini” ndiyo watu huiruka, nasi tunaomba msiiruke. Tazameni tofauti. Mtu anaweza kuandika: “Nashukuru kwa majirani wema.” Ni kweli, lakini kesho ataandika hilohilo, na keshokutwa pia, mpaka mkono uandike wenyewe bila akili kuwapo. Sasa someni hii: “Mvua ilipoanza, mpangaji mwenzangu alianua nguo zangu, hata sare ya mtoto iliyokuwa bado mbichi. Kwa nini? Alijua niko sokoni, hakungoja kuombwa.” Hapo kuna mtu, kuna kitendo, na aliyeandika amegundua kwamba kuna anayemfikiria.

Wenye desturi ya kusali pamoja jioni wana nafasi tayari. “Alhamdulillahi” na “Mungu ni mwema” zibaki mahali pake. Ongezeni tu jambo moja la siku hiyo kwa jina lake.

Mkichoka, punguzeni. Sonja Lyubomirsky na wenzake waliona kuwa waliofanya zoezi kama hili mara moja kwa wiki walinufaika kuliko waliolifanya mara tatu. Na watoto wasilazimishwe. Muulizeni mtoto, “Leo nani amekusaidia?” Akijibu, “Hakuna,” basi.

Mwambie mhusika

Shukrani iliyobaki daftarini inamfaa mwandishi peke yake. Wengi tunaona haya kumshukuru mtu wa nyumbani, tukidhani atatucheka au atauliza tunataka kukopa nini. Utafiti wa Amit Kumar na Nicholas Epley wa mwaka 2018 uliwapima watu walioandika barua za shukrani: walidhani mpokeaji ataona aibu kuliko alivyoona, na hawakutarajia kwamba angefurahi kiasi kile.

“Asante kwa chakula” imezoeleka. Jaribu: “Mama watoto, asante kwa kukaa foleni ya kliniki tangu alfajiri, bila wewe ningekosa zamu.” Aliye mbali mtumie ujumbe wa sauti. Dada wa kazi naye ashukuriwe, na mshahara wake utoke kwa wakati, maana neno tamu halilipi nauli.

Shukrani isiwe ya kumziba mtu mdomo

Mama aliyejifungua analia kila siku, nasi tunamwambia, “Shukuru, mtoto mzima.” Kijana amepoteza kazi, tunamwambia wapo wasio na hata pa kulala. Mke anapigwa, anaambiwa ashukuru ana mume. Maneno hayo yanaongeza mzigo wa hatia juu ya maumivu. Msikilizeni kwanza, mpeni pole, na daftari lisitajwe kabisa siku hiyo. Anayepigwa anahitaji usalama na msaada. Zoezi la kushukuru halimhusu.

Mtu akiwa na huzuni karibu siku nzima, au hafurahii tena chochote, kwa wiki mbili au zaidi, huku usingizi, hamu ya kula au nguvu za kufanya kazi vimeharibika, aende kituo cha afya. Hiyo inaweza kuwa sonona, nayo inatibika. Akisema anataka kufa, msimwache peke yake. Ondoeni dawa na sumu za shambani karibu naye, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, na mmoja wenu aingie naye kwa daktari kama ataridhia.