Jinsi ya Kusoma Hataza Iliyotolewa Upya Marekani

Mvumbuzi akibaini kwamba hataza yake ya Marekani ina kosa linaloidhoofisha kisheria, kwa mfano amedai zaidi au pungufu ya haki yake, anaweza kuomba itolewe upya. Hataza mpya hupewa namba inayoanza na herufi RE na hudumu kwa muda uliobaki wa ile ya awali. Haiongezewi hata siku moja.

Ukiifungua, utakuta maneno mengine yamo ndani ya mabano mazito ya mraba na mengine yamechapwa kwa herufi za mlazo. Ya kwenye mabano yalikuwamo katika hataza ya awali na sasa hayana nguvu. Ya mlazo yameongezwa. Tuseme dai lilitaja "bomba la shaba", na mvumbuzi akalipanua. Litachapishwa hivi: "bomba la [shaba] *metali*". Ni haki kabisa neno la zamani libaki likisomeka. Kiwanda kilichotengeneza mabomba ya chuma kikijua kiko nje ya dai hilo kinastahili kuona mpaka umesogezwa wapi. Kwa sababu hiyohiyo, ombi la kupanua madai lazima liwasilishwe ndani ya miaka 2 tangu hataza ya awali itolewe.

Mwombaji naye huweka anachoondoa kwenye mabano ya mraba na kupigia mstari chini anachoongeza. Asikate maneno kwa mstari katikati, ingawa ndivyo ifanywavyo katika maombi ya kawaida. Aandike aya nzima au dai zima, si neno lililobadilika peke yake. Namba za madai ya awali hazibadilishwi. Madai mapya hufuata namba ya mwisho.

Zingatia sana jambo hili: kila rekebisho hulinganishwa na hataza yenyewe, si na rekebisho lililotangulia. Ukiwa uliongeza neno mwezi uliopita na sasa hulitaki, usiliandike tena. Usilitie mabano, kwa kuwa halikuwahi kuwamo katika hataza.

Kabla ya kuingia gharama za kutengeneza kifaa kwa kutegemea hataza ya zamani, hakikisha haijatolewa upya. Ikiwa imetolewa, ya awali imeshasalimishwa. Soma madai ya hati ya RE, ukiyaruka yaliyo kwenye mabano.