Jalidi ya Horombo: kuipiga picha kabla jua halijaiwahi

Wengi wanaopanda Kilimanjaro na kamera huitunza betri kwa ajili ya Uhuru, mita 5,895, wapate barafu kuu na kile kibao cha kileleni. Mimi nawasihi waanze kuitumia Horombo, kwenye njia ya Marangu, mita 3,720. Barafu ninayoipenda kuliko zote mlimani iko hapo, miguuni pako. Huzaliwa usiku, na ikifika saa mbili asubuhi haipo tena.

Julai na Agosti, Moshi mjini wingu zito linaweza kukaa kutwa nzima, moshi wa mkaa na wa taka zinazochomwa ukanaswa chini yake. Mlima hauonekani, na wapiga picha huahirisha safari. Msiahirishe! Mara nyingi ukishatoka msituni unakuta wingu lote liko chini yako, juu nyota tupu. Ardhi isiyo na wingu la kuifunika hupoteza joto usiku kucha, na mvuke wa hewani huganda moja kwa moja juu ya majani. Usiku wa upepo mkali jalidi huwa haba, basi lala tu.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri vaa taa ya kichwani, mwombe mwongozaji wako mteremke mpaka kwenye kijito. Hewa baridi ni nzito, hutuama mabondeni, na jalidi huwa nene zaidi huko. Tafuta lobelia. Usiku hufumba majani yake kulinda chipukizi, na katikati yake hukaa maji yanayoganda juu tu, chini yakabaki maji. Inama uone: kigae chembamba chenye mapovu yaliyonaswa, na kwenye kingo za majani fuwele zimesimama kama meno ya msumeno.

Kisha angalia udongo mweusi wenye unyevu kando ya njia. Maji hupanda kutoka chini na kuganda yakisukumana, zikaota sindano za barafu, kila moja imebeba chembe za udongo kichwani. Hapa lala kifudifudi, kamera iguse ardhi. Lenzi ya makro ni bora, ila hata simu yenye kilenzi cha kubana inatosha, mradi uiegemeze kwenye jiwe na utumie kipima muda ili kidole kisiitikise.

Kamera hudanganywa na rangi. Jalidi ikijaza fremu nzima, itaifanya ya kijivu. Ongeza mwanga hatua moja. Fuwele chache juu ya udongo mweusi zitaungua, punguza. Mizania ya rangi iache kwenye mwanga wa jua, usiiweke otomatiki, ili ule ubuluu wa kivulini ubaki.

Jua huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu. Siku yenye ukungu wa moshi na vumbi upeoni ndiyo ninayoiombea, kwa sababu jua hupita humo likatoka jekundu na pole, na unaweza kulielekezea lenzi bila kuunguza picha. Kaa upande wa pili wa fuwele, mwanga uzipenye kutoka nyuma. Zuia pumzi unaposogea. Joto lake huyeyusha ncha.

Betri ya akiba ilale nawe ndani ya begi la kulalia, maana baridi huidhoofisha. Kabla ya kurudi kibandani funga kamera ndani ya mfuko usiopitisha unyevu na uiache ipate joto polepole, la sivyo lenzi itajaa umande. Na usikanyage kuvumwani wala kuvunja jani ili upate pembe nzuri. Mimea ya huko hukua taratibu mno.

Asiyeweza kusafiri Julai aende Januari, baada ya mvua za vuli. Udongo bado una maji, na nyakati hizo ndipo nimepata sindano ndefu zaidi.