Jambo Bwana: Wimbo Mfupi, Somo Refu

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Milepa, huku bonde la Rukwa. Jioni moja akapita kijana wa bodaboda na spika yake, anapiga wimbo ambao watoto wa njiani wote waliudaka. Nikamuuliza, "Huu wa nani?" Akacheka: "Wa watu tu, kaka."

Nikanyamaza, maana mtunzi namjua. Tulisoma naye sekondari. Alirekodi Sumbawanga mjini kwa hela ya mpunga, akaacha faili studio, hakuandikishana na mtu chochote. Sasa wimbo unatembea kwenye memori kadi toka Mtowisa hadi Muze, na yeye hana hata karatasi moja inayosema ni wake.

Jibu la yule kijana lilinikumbusha wimbo mwingine ambao wengi tunadhani ni "wa watu tu": Jambo Bwana. Kumbe una mwenyewe. Tuusome kidogo.

Ulivyotungwa

Them Mushrooms ni bendi ya pwani ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1972 na ndugu wa familia ya Harrison. Walianza na chakacha, wakawa wanapiga kwenye hoteli za kitalii. Kazi ya bendi ya hoteli si ndogo: kila wiki wageni wapya, hakuna anayejua Kiswahili, na wote wanataka kucheza usiku huohuo.

Teddy Kalanda Harrison, kiongozi wa bendi, aliitatua shida hiyo kwa kutunga wimbo ambao ndani yake mgeni anafundishwa lugha. Maneno ni machache, yanarudiwa, na ni yaleyale ambayo mgeni ameshayasikia mapokezi na mezani: salamu, karibu, hamna tabu. Mwimbaji anauliza, wenzake wanajibu. Mgeni akiusikia mara mbili, ya tatu anaimba.

Walimu wa Kiswahili hawapendi sana hiyo "jambo". Salamu kamili ni "hujambo", na jibu ni "sijambo", yaani sina jambo la kunisumbua. Ni kweli. Lakini mtunzi hakuwa anaandika mtihani. Neno la silabi mbili linakaa vizuri kwenye ulimi wa Mjerumani kuliko salamu yenye swali na jibu linalobadilika. Alijua anamtungia nani, na hilo ndilo somo la kwanza.

Ulivyotoka na kusambaa

Wimbo ulitoka mwanzoni mwa miaka ya 1980, enzi za santuri. Kabla ya kufika sokoni ulikuwa na faida moja ambayo wasanii wa leo wanaitafuta kwa bando: hadhira ya hoteli, inayobadilika kila wakati, na kila mtalii anarudi kwao na wimbo kichwani. Hadi mwaka 1987 zilikuwa zimeuzwa nakala zaidi ya 200,000. Kwa soko la Afrika Mashariki la wakati ule, huo ni mzigo.

Kisha wengine wakaudaka. Mombasa Roots na Safari Sound Band walitoa matoleo yao. Mwaka 1983 Boney M, kundi lenye makao Ujerumani, nao wakatoa la kwao. Kadiri wimbo ulivyoimbwa na wengi, ndivyo jina la mtunzi lilivyofifia. Hapo ndipo "wa watu tu" inapoanzia.

Mwenye wimbo na mwenye neno

Tusichanganye mambo mawili. Maneno "hakuna matata" hayana mtunzi, ni Kiswahili cha watu, ingawa sisi huku tunasema zaidi "hamna shida". Disney waliyatumia kwenye filamu ya The Lion King mwaka 1994, na mwaka 2003 wakasajiliwa Marekani kama alama ya biashara kwa nguo. Mwaka 2018 watu wengi walisaini kupinga, wakisema lugha haiwezi kuwa mali ya kampuni.

Wimbo ni kitu tofauti. Maneno ya kila mtu, yakipangwa na mtu mmoja kwa mahadhi yake, yanazaa kazi yenye mwenyewe. Kwetu Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi tangu kazi inapokamilika, maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Si lazima usajili ndipo uwe mmiliki. Ila siku ya ugomvi utaulizwa ushahidi, na ndiyo maana COSOTA ipo.

Kwa hiyo mshikaji, kama bumu lako linaishia studio, fanya haya kabla hujasambaza: andika nani katunga maneno, nani mahadhi, nani kapiga, nani kalipia. Kila mmoja asaini. Ondoka na nakala yako ya faili. Ni ukurasa mmoja tu.

Rafiki yangu nilimwambia hayo tukiwa kibarazani kwao. Akaniuliza, "Sasa nimechelewa?" Nikamwambia hapana, bado uko hai na mashahidi tupo. Asubuhi tukatafuta daftari, tukaanza na tarehe. Na yule kijana wa bodaboda alipopita tena, tukamsimamisha. Tukamtajia jina.