Saa yangu inachelewa

Swali: Nimeunda saa ya ukutani kwa ATmega328P. Kila siku inachelewa dakika kadhaa. Nimekosea programu?

Jibu: Huenda programu yako ni nzima. Osileta ya ndani ya chipu hiyo ni ya rezista na kapasita. Ikitoka kiwandani inaweza kukosea hadi asilimia 10, na joto huiyumbisha. Kuwasha taa inatosha, kutunza saa haifai kabisa.

Funga kristali ya saa, ya 32,768 Hz. Ukigawa mapigo yake kwa mbili mara 15, linabaki pigo moja kwa sekunde. Iache iendeshe Taima 2 tu. Chipu iendelee na osileta yake. Kristali ikikosea sehemu 20 kwa milioni, utapoteza sekunde 1.7 hivi kwa siku. Ila iunganishe karibu kabisa na miguu ya chipu.