Kitoweo Kisichotajwa: Nyamapori na Maelezo ya Mgonjwa katika Bonde la Kilombero

Chukulia mgonjwa anayefika katika zahanati iliyo ng'ambo ya mto Kilombero akiwa na kidonda mkononi. Kidonda hakimuumi. Katikati kina kigaga cheusi, na mkono umevimba kupita kiasi cha kidonda chenyewe. Akiulizwa, husema ameumwa na mdudu shambani. Mhudumu huandika hivyo, humpa dawa ya kupaka, na wote wawili huachana wameridhika. Ambacho hakikusemwa ni kwamba siku nne kabla alichuna nyati aliyekutwa amekufa porini. Alinyamaza kwa kuwa anajua kumiliki nyama ya mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009.

Mfano huu ni wa kufundishia, lakini kidonda cha namna hiyo ni dalili mashuhuri ya kimeta. Bakteria wa kimeta, mzoga unapopasuliwa na damu kukutana na hewa, hujigeuza spora, yaani mbegu sugu zinazoweza kukaa ardhini kwa miongo ya miaka. Kukausha nyama kwa moshi au kuitia chumvi hakuziui, na upishi wa nyumbani si wa kutegemewa. Aidha, mchunaji huambukizwa kabla chungu hakijainjikwa. Kimeta cha ngozi hutibika vizuri kwa siprofloksasini au doksisaiklini kikiwahiwa. Kisipotibiwa huweza kuua hadi mtu mmoja katika kila watano. Kile cha tumbo, kinachotokana na kula nyama, huja na maumivu makali, kutapika damu na kuhara damu, nacho ni hatari zaidi.

Brusela hudanganya kwa njia nyingine. Homa huja na kuondoka, jasho hutoka usiku, viungo na mgongo huuma kwa majuma. Katika bonde lenye malaria kama letu, mgonjwa huyo anaweza kutibiwa malaria mara mbili, kisha homa ya matumbo, bila mtu kumuuliza amegusa mnyama gani. Homa ya Bonde la Ufa nayo hupita katika damu ya mnyama mgonjwa. Mlipuko wa 2006 na 2007 uliua zaidi ya watu 100 nchini, na Morogoro ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyoathirika sana. Wakati ule macho yalikuwa kwenye mifugo, lakini nyati pia huweza kubeba virusi hivyo.

Biashara ya pembe za ndovu tumezoea kuihesabu kuwa ya watu wa mbali. Kati ya 2009 na 2013 tembo wa Selous na Mikumi walishuka kutoka takriban 39,000 hadi takriban 13,000, na soko kuu lilikuwa Asia. China ilifunga soko lake la ndani mwishoni mwa 2017. Nyamapori ni habari tofauti, kwa maana mnunuzi wake ni jirani. Bonde hili liliwahi kuwa makao ya sehemu kubwa ya sheshe wote wa Afrika, na sasa wamepungua mno. Si haki kumlaumu mwindaji peke yake, kwani mashamba na mifugo pia vimewanyang'anya malisho. Lakini nyama inayouzwa kwa siri ina mlaji, na mlaji huyo hufika zahanati.

Wengine hufika baada ya kujaribu mafuta ya simba au magamba ya kakakuona. Magamba hayo ni keratini, ileile ya kucha zetu. Hakuna ushahidi kwamba yanatibu chochote. Kumdhihaki aliyeyatumia hakusaidii. Mwelezeni ukweli huo, kisha mtibuni maradhi yaliyomleta.

Kwa hiyo namna ya kuuliza ni sehemu ya tiba. Swali "Je, unakula nyara za Serikali?" ni la askari. Mhudumu aseme: "Ninauliza wagonjwa wote wenye dalili hizi, ili nichague dawa: katika wiki mbili zilizopita umechuna, umekata au umekula nyama ya mnyama yeyote, wa kufugwa au wa porini?" Kwa homa ya muda mrefu, muda huo urefushwe hadi miezi kadhaa, kwani brusela huchelewa kujitokeza. Akishuku kimeta, atoe taarifa kwa mganga mkuu wa wilaya na daktari wa mifugo mara moja, ili mzoga utafutwe na walioula wafuatwe.

Anayetaka nyamapori anayo njia halali: tangu mwaka 2020 kanuni zinaruhusu mabucha yenye leseni kuiuza, ikiwa imekaguliwa.

Nawe mgonjwa, ukiwa na kidonda cheusi au homa isiyokoma, taja mambo manne: mnyama alikuwa wa aina gani, aliuawa au alikutwa amekufa, ulimgusa au kumla siku ipi, na nani wengine walikula. Jina la aliyekuuzia halihitajiki kwa tiba yako.