Dawa za Kutia katika Mafuta ya Gari

Wanachama wengi wametuuliza juu ya zile chupa ndogo ziuzwazo madukani na kwenye sheli, za kutia katika tangi la gari, kama kweli zafanya kazi zinazosifiwa. Swali hili latuhusu sana sisi wakulima wa karafuu. Mkarafuu huzaa sana mwaka mmoja, mwaka wa pili ukapumzika. Na gari ya shamba nayo hulala chini ya mwembe miezi mingi, kisha siku moja hutakiwa ibebe magunia toka alfajiri hadi usiku. Na karafuu mbichi haingoji. Ikilala guniani hupata joto na kuvunda, na ikianikwa kesho yake hukauka imekunjana na kupauka, daraja ikashuka. Msimu mmoja tulimwona mwenzetu akiharibikiwa na mchumo wa siku nzima kwa namna hiyo. Gari ilimzimikia kila mlimani, na asubuhi ile ile alikuwa ametia chupa mbili za dawa.

Ugonjwa wa gari yake ulikuwa petroli iliyochakaa. Petroli ikikaa, sehemu zake nyepesi huruka, na zinazobaki hushikana na hewa zikafanya gundi ya rangi ya kahawia, ambayo huziba matundu ya kabureta na ya nozeli. Kwa kawaida yatosha miezi mitatu hadi sita, na joto letu huharakisha mambo. Ipo dawa ya kuhifadhi mafuta, nayo twaiona ndiyo yenye faida kuliko zote kwa watu wetu, lakini lazima itiwe katika petroli mpya, mwisho wa mavuno, kabla gari haijalazwa. Tangi lijazwe karibu na shingo, ili hewa yenye unyevu ikose nafasi, kisha injini iachwe ikinguruma kama dakika kumi, mafuta yenye dawa yapate kufika mpaka kwenye nozeli. Mwenzetu aliitia katika mafuta yaliyokwisha haribika. Ni kama kumtia chumvi samaki aliyekwisha oza. Mafuta kama hayo hayana budi kutolewa yote, na chujio libadilishwe.

Jambo la pili ni maji. Mwenye shaka na achukue chupa ya kioo iliyo kavu, atie mafuta kutoka chini ya tangi, aiache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli na dizeli, basi yatajitenga na kukaa chini, na mpaka wake utaonekana wazi. Dawa ya kuondoa maji, ambayo nyingi yake ni spiriti, huweza kuchukua maji machache tu yaliyotokana na unyevu. Ukiona maji ya kujaza kikombe, usinunue dawa, toa maji. Wenye dizeli wawe macho zaidi, kwani mahali maji na dizeli vinapokutana huota vijidudu na ukungu, vikafanya utelezi mweusi unaoziba chujio. Kwa hao ipo dawa maalumu ya kuua vijidudu, lakini nayo hutiwa baada ya maji kutolewa.

Dawa ya kusafisha nozeli yafaa kwa gari iliyotembea sana, ikiwa injini yatetemeka isimamapo au imepungua nguvu polepole. Zilizo bora zina kemikali iitwayo polieteramini. Tazama jina hilo kwenye karatasi ya chupa. Yatosha kuitia mara chache kwa mwaka. Haitengenezi plagi iliyokufa wala pampu mbovu.

Kuhusu dawa za kuongeza okteni, twasema waziwazi kuwa wengi wetu hatuzihitaji. Okteni ni uwezo wa petroli wa kustahimili mgandamizo bila injini kugonga. Haiongezi nguvu kwa injini isiyoidai. Na tena mnunuzi hudanganyika na neno “pointi”. Pointi moja ni sehemu ya kumi tu ya namba ya okteni, basi chupa isemayo pointi 5 haikutoi 91 hadi 96, bali 91 hadi 91.5. Injini ikigonga, kwanza fundi atazame majira ya moto wa plagi, joto la injini na masizi ndani yake. Wako pia watiao tangini vile vidonge vyeupe vya kufukuzia wadudu wa nguo kabatini. Vidonge hivyo huyeyuka, kisha petroli ikipungua hurudi kuwa chembe ngumu ndani ya mabomba. Tafadhali viacheni kabatini.

Wenye gari za zamani sana wana haja yao peke yao. Petroli ya zamani ilikuwa na risasi, iliyolinda viti vya valvu. Kwa sababu ya sumu yake, nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliacha kuiuza kufikia mwaka 2006, na Algeria, iliyokuwa ya mwisho duniani, mwaka 2021. Kwa gari hizo ipo dawa ya badala ya risasi, ingawa tiba ya kudumu ni fundi kuweka viti vya chuma kigumu.

Dawa yo yote itiwe kwanza, mafuta yafuate, vipate kuchanganyika. Pima kwa lita za tangi kama ilivyoandikwa, wala usizidishe. Chupa iliyobaki ifungwe barabara, iwekwe mbali na jiko na watoto, na kamwe isihamishiwe katika chupa ya soda.