Jinsi Viumbe Wanavyogeuka: Ushahidi wa Kupe na wa Damu

Mkulima ajuaye kazi yake hachukui mbegu ovyo ghalani. Huchagua mahindi yaliyo manene, akayatundika jikoni yapate moshi, yakangoja mvua. Miaka ikipita, mahindi ya shamba lake huwa si yale ya kwanza. Hapo pana mambo matatu: mimea haifanani yote, mtoto hurithi kwa mzazi, na wale waliochaguliwa tu ndio wanaozaa. Mwaka 1859 Charles Darwin wa Uingereza alieleza katika kitabu chake ya kuwa mambo hayo hutendeka hata pasipo mkono wa mkulima. Kinachochagua ni ukame, njaa, maradhi na adui.

Ushahidi u karibu. Katika Afrika ya Kusini ng'ombe waliogeshwa katika majosho yenye sumu ya aseniki, na kupe wakafa kwa wingi. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1930 kupe wa buluu walionekana wazima juu ya ng'ombe waliokwisha kuogeshwa. Si kwamba sumu iliwafundisha kuivumilia. Miongoni mwao walikuwako wachache ambao sumu haikuwaweza. Wenzao walipokufa, hao ndio waliotaga mayai. Kwa hiyo mfugaji azimuaye dawa ya josho kupita kipimo, ili asitoe fedha nyingi, huwaponya kupe walio sugu kidogo, na uzao wao humrudia.

Binadamu naye hakutengwa na kanuni hiyo. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu ya watu wa makabila mbalimbali ya nchi hii. Aliona ya kuwa alama ya selimundu, yaani chembe nyekundu za damu kupinda mfano wa mundu, ilikuwa nyingi pwani na kando ya Ziwa Victoria, penye malaria. Bali katika nyanda za juu zenye baridi ilikuwa haba sana. Mwaka 1954 alitangaza sababu yake. Mtoto aliyerithi alama hiyo kwa mzazi mmoja tu hukingwa sana na malaria kali, akakua na kuzaa. Aliyeirithi kwa wazazi wote wawili huugua ugonjwa mzito wa selimundu. Basi malaria ndiyo iliyochagua, kama mkulima achaguavyo mbegu.

Elimu hii ina faida nyumbani. Mume na mke wakiwa na alama hiyo wote wawili, kila mimba ina bahati moja katika nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Hiyo si laana wala uchawi, wala si kosa la mama. Yafaa wachumba wapimwe damu hospitalini kabla ya arusi, na mtoto mwenye maumivu ya mifupa yasiyokoma apelekwe kwa daktari mapema.